Sanduku la Kufuli Tatu: Jinsi ya Kuanza Kusoma Falsafa ya Matendo

Anayetaka kuingia katika falsafa ya matendo, yaani ile inayohusu jinsi ya kutenda na kuishi, asianze kwa kukariri majina ya matawi yake, kwa sababu majina hayo huelea hewani mpaka yapate jambo la kushika. Aanze na kisa kimoja anachokifahamu vizuri, kiwe kidogo, na kiwe na watu wanaobishana kwa nia njema pande zote mbili, kisha akiulize maswali ya aina mbalimbali. Tawi la falsafa hutambulika kwa swali linaloulizwa kuliko kwa kitu kinachozungumziwa, na ndiyo maana kisa kilekile kinaweza kupitishwa katika matawi yote.

Kisa changu kinatoka Busia, upande wa Uganda, katika kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa sokoni ambacho nilikuwa nakiandikia daftari. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hulala kwa mweka hazina, na funguo hukaa kwa wanachama wengine watatu, ili asiwepo mtu awezaye kulifungua peke yake. Ukurasa wa kwanza wa daftari una kanuni iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: sanduku halifunguliwi nje ya mkutano. Usiku mmoja mtoto wa mwanachama alishikwa na degedege, na mwenye gari la kumkimbiza Tororo akataka fedha mkononi kabla ya kuwasha injini. Wenye funguo watatu walikutana kwa mweka hazina saa saba za usiku, wakafungua, wakatoa shilingi 200,000, wakaandika kiasi hicho kwenye kipande cha karatasi na kukiacha ndani ya sanduku. Mtoto alipona, na fedha zilirudi zote baada ya siku 12. Mkutano uliofuata uligawanyika nusu kwa nusu, na sauti zilifika mpaka barabarani.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kukiandika kisa kama nilivyokiandika hapa, bila maneno yanayobeba hukumu ndani yake. Ukiandika kwamba kina mama hao "walichota" au "waliokoa," umeshaamua kabla ya kufikiri. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, na mimi mwenyewe niliandika upya mara tatu.

Kazi ya pili ni kujua umesimama wapi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyagawa maarifa katika mafungu matatu: yale yanayotafutwa kwa ajili ya kujua tu, yale yanayoelekea katika kutenda, na yale yanayoelekea katika kutengeneza kitu, kama ufundi wa seremala. Falsafa ya matendo ni fungu la kati. Haiulizi ulimwengu umeumbwaje, bali inauliza tufanye nini na tuishi vipi, na kwa nini hivyo na si vingine. Sifa ambayo Aristotle aliiona kuwa ya lazima katika fungu hili Kiswahili kinayo tayari, nayo ni busara: uwezo wa kuona lipi linafaa hapa na sasa, ambao haupatikani kwa kusoma peke yake.

Sasa anza na maadili, ambalo ndilo tawi pana kuliko yote. Swali lake ni hili: je, wenye funguo walitenda vyema? Kuna njia tatu kubwa za kulijibu, na ni vizuri kuzijaribu moja moja bila kuzichanganya. Njia ya matokeo, iliyopewa umbo na Jeremy Bentham mwaka 1789 na kuendelezwa na John Stuart Mill, hupima faida na madhara kwa kila anayeguswa, kila mmoja akihesabiwa sawa na mwenzake. Kwa kipimo hicho, mtoto mzima na fedha zilizorudi huelekea kuwatetea, ingawa ni lazima pia uhesabu imani iliyotikisika kwa wanachama wote. Njia ya wajibu, ambayo Immanuel Kant aliieleza mwaka 1785, humtaka mtendaji aulize kama angeweza kutaka kanuni anayoifuata iwe sheria kwa watu wote. Hapa mwanafunzi huteleza haraka, kwa kuwa kila kitu kinategemea jinsi unavyoitaja kanuni yenyewe: "kila mtu avunje ahadi anapoona inafaa" haisimami, lakini "amana iguswe kuokoa uhai, kwa maandishi, na irudishwe" ni jambo jingine kabisa. Njia ya tatu, ya tabia njema, hurudi kwa Aristotle na kuuliza mtu mwenye ujasiri, kiasi na uaminifu angefanya nini usiku ule. Lugha ya Luganda ina neno obuntubulamu, ambalo ni ndugu wa neno letu utu, na wazee wengi mjini Busia wangeanzia hapo bila kumtaja Mgiriki yeyote. Mimi naona njia hii ndiyo iliyokieleza vizuri kile kipande cha karatasi: mwizi haachi risiti.

Karibu na maadili lipo swali ambalo watu husahau kulitenga. Uamuzi ulikuwa mzuri, au ulibahatika tu? Nadharia ya uamuzi hupima chaguo kwa kutazama yale ambayo mtu aliyajua wakati wa kuchagua, uwezekano wa kila tokeo, na uzito wa tokeo hilo. Katika mkutano ule, waliowasifu wenye funguo walisema, "Si mtoto amepona?" Hata kama mtoto angefariki njiani, uamuzi wa saa saba za usiku ungebaki uleule, neno kwa neno. Jizoeze kufunika matokeo kwa kiganja unapokisoma kisa, kisha uone kama hukumu yako inabadilika.

Falsafa ya sheria huanza pale mwenye ufunguo wa pili aliposimama na kusema, kwa sauti ya chini kuliko wengine wote, "Mwenyekiti, sisi watatu tulikuwa mkutano." Kicheko kilipokwisha, hoja ilibaki. Mkutano ni nini? Mwaka 1958 wanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart na Lon Fuller walibishana kwa maandishi juu ya kanuni inayokataza magari katika bustani ya umma: baiskeli ni gari? Na lori la jeshi lililowekwa humo kama ukumbusho wa vita je? Hart alisema kila neno la sheria lina kiini kilicho wazi na ukingo wenye giza. Fuller akajibu kwamba hata kiini hakisomeki bila kujua kanuni iliwekwa kwa lengo gani. Kanuni ya kalamu nyekundu iliwekwa kuzuia wizi wa mtu mmoja, na funguo tatu zilikuwepo. Msomaji wa Uganda hahitaji kwenda mbali kuliona swali hili likiwa na uzito wa uhai na kifo. Ibara ya 126 ya Katiba ya mwaka 1995 inazitaka mahakama zitende haki kwa kutazama kiini cha shauri bila kujifunga mno na taratibu, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba hukumu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa, ni kinyume cha Katiba. Uliza basi: kanuni isiyosikiliza mazingira ni imara zaidi, au ni pofu tu?

Hapa nitoe tahadhari ya lugha. Neno haki katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: stahili ya mtu, kama katika "haki yangu," na uadilifu wa jambo lote, kama katika "haki imetendeka." Mjadala mwingi huzunguka bure kwa sababu mmoja anasema ya kwanza na mwenziwe anasikia ya pili. Kila unapoliandika, simama ujiulize ni ipi.

Falsafa ya siasa huuliza nani ana mamlaka, na ameyapata wapi. Thomas Hobbes mwaka 1651 na John Locke baada yake walijibu kwa wazo la makubaliano: tunatii kwa kuwa tumekubali, ingawa hawakupatana juu ya kiasi gani tumekabidhi. John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza jaribio linalofaa sana kikundi kidogo: tunga kanuni kana kwamba hujui utakuwa nani ndani yake, mwenye ufunguo, mama wa mgonjwa, au mjane ambaye akiba yake yote imo sandukuni. Tawi hili ndilo pia linalouliza jamii ifanye nini baada ya kosa. Kaskazini mwa Uganda, katika vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, swali hilo liliulizwa kwa uchungu: Sheria ya Msamaha ilianza kutumika mwaka 2000, hati za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai za kuwakamata viongozi wa waasi zikatolewa mwaka 2005, na wazee wa Acholi walikuwa na mato oput, ambapo koo mbili hukiri, hulipa fidia, kisha hunywa pamoja mzizi mchungu.

Falsafa ya uchumi, inayouliza kama riba ya mkopo wa dharura ni halali na kiasi gani, nimeigusa kwa kuitaja. Wapo pia wanaoweka ujumi, yaani fikra juu ya uzuri, katika orodha hii, lakini anayeanza anaweza kuuacha kwa sasa.

Kwa mazoezi, chukua ukurasa mmoja kwa kila swali, na usiruhusu jibu la ukurasa mmoja liingie katika mwingine. Utashangaa kuona unaweza kusema kwamba watu wametenda vyema, wamevunja kanuni, na hawakuwa na mamlaka, yote matatu kwa pamoja bila kujipinga. Kikundi cha Busia kilifika karibu na hapo. Wenye funguo walitozwa faini ya shilingi 2,000 kila mmoja, wakapigiwa makofi walipoilipa, na chini ya mstari mwekundu nikaagizwa kuandika mstari wa pili, juu ya dharura ya usiku, ambao kina mama walibishana kuhusu kila neno lake mpaka jua likazama.