Laval hadi Angers kwa Baiskeli Kando ya Mto Mayenne: Mwongozo wa Siku Tatu

Mto Mayenne uko magharibi mwa Ufaransa. Unatokea mpakani mwa Normandia, unapita miji ya Mayenne, Laval na Château-Gontier, kisha unaungana na mto Sarthe karibu na Angers. Ukingoni mwake kuna njia ambayo zamani farasi na watu walipita wakikokota mashua za mizigo kwa kamba. Mashua hizo hazipo tena, lakini njia imebaki, imeshindiliwa mchanga, na katika mkoa wa Mayenne peke yake ina urefu wa kilomita 85 hivi. Magari hayaruhusiwi, wala pikipiki. Kwa kuwa inafuata maji, haina vilima.

Kwa hiyo usiniulize kama miguu yako itaweza. Itaweza. Kinachowashinda wageni katika bonde hili ni saa za Wafaransa: duka la mikate lililofungwa, jiko la mgahawa lililozimwa, kijiji kizima kimya siku ya Jumatatu. Ratiba ninayokupa hapa imepangwa kwa kufuata chakula kwanza, kilomita baadaye.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo huna haja ya kukimbizana na giza. Julai na Agosti panapitika, ila vyumba vinajaa mapema. Majira ya baridi na mwanzo wa masika achana nayo: eneo la chini karibu na Angers, ambako Mayenne, Sarthe na Loir hukutana, ni bonde la mafuriko, na maji yakipanda hufunika malisho na barabara pia. Kabla ya kuondoka, tazama tovuti ya serikali iitwayo Vigicrues. Inaonyesha hatari ya mafuriko ya mito kwa rangi. Ukiona rangi ya chungwa au nyekundu, ahirisha.

Ukienda vuli unaweza kukuta mto umeteremshwa hadi matope yanaonekana. Usishtuke. Kuna miaka wanayapunguza maji kwa makusudi ili kukarabati malango ya maji yanayopandisha na kushusha mashua, pamoja na kuta. Njia inabaki wazi, ila picha zako hazitapendeza.

Hatua ya 2: Pata baiskeli Angers, panda treni hadi Laval

Unaweza kuanzia Laval moja kwa moja, maana TGV, treni ya kasi, kutoka Paris Montparnasse inafika huko kwa saa moja na dakika chache. Lakini kama unakodi baiskeli, anzia Angers. Mji huo uko kwenye njia maarufu ya baiskeli ya Loire à Vélo, kwa hiyo maduka ya kukodisha ni mengi na yamezoea wasafiri wenye mizigo. Chukua baiskeli hapo, ingia nayo kwenye treni ya mkoa, yaani TER, inayokwenda Laval, halafu rudi Angers kwa kukanyaga. Kwa mpango huu unairudisha baiskeli dukani pale pale ulipoichukua, na kila siku unateremka pamoja na mto.

Kwenye TER baiskeli inaingia ikiwa nzima, ila nafasi ni chache, na katika msimu wa watalii baadhi ya treni zinadai uiwekee nafasi. Angalia hilo siku unayokata tiketi, usingoje kuulizia jukwaani. TGV ni habari nyingine. Nyingi zinataka baiskeli ifunguliwe na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90, na anayekodi hana sababu ya kujitafutia kazi hiyo.

Dukani kagua mambo manne. Tairi ziwe na upana wa milimita 35 hadi 42; tairi nyembamba za mashindano huzama kwenye mchanga uliolowa. Kerieri iwe imekazwa, uitikise kwa nguvu. Kengele ilie. La nne ni vali ya mrija: baiskeli nyingi za Ufaransa zina vali nyembamba yenye kinati kidogo juu, ambacho lazima ukilegeze kwanza ndipo upepo uingie. Pampu uliyozoea nyumbani pengine haiishiki. Mwombe mwenye duka akupe pampu inayolingana, ujaze upepo mara moja mbele yake.

Hatua ya 3: Punguza mzigo

Mabegi mawili ya pembeni nyuma yanatosha. Weka nguo za kubadili mara mbili, koti la mvua, mrija wa akiba, viraka na gundi, funguo za kukazia, mafuta ya mnyororo na kitambaa kikuukuu. Mafuta na kitambaa wengi hupuuza. Ule mchanga ulioshindiliwa ni mzuri ukiwa mkavu, lakini ukinyesha unageuka uji mwepesi wa rangi ya krimu unaorukia mnyororo. Ukikauka hapo, gia zinaanza kusaga kama kinu. Jioni futa mnyororo, tia mafuta tone tone, zungusha pedeli kinyumenyume, futa tena. Ni kazi ya dakika tano.

Sheria chache: taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kizibao kinachoakisi mwanga ukiwa nje ya mji usiku au kwenye ukungu. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti. Mtu mzima hashurutishwi, nami navaa. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 4: Soma alama za njia

Kibao cha mraba cha bluu chenye picha ya mtembea kwa miguu na picha ya baiskeli maana yake ni voie verte, njia isiyoruhusu magari. Ukikuta neno halage, hiyo ndiyo njia ya ukingoni mwa mto. Njia yetu ni kipande cha La Vélo Francette, njia ndefu ya baiskeli inayoanzia Ouistreham kwenye pwani ya Normandia hadi La Rochelle, na kwenye vibao vyake utaona pia V43. Ramani ya simu ipakue kabisa uwe nayo bila mtandao, ingawa kupotea hapa kunahitaji juhudi.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Laval hadi Château-Gontier (kilomita 35 hivi)

Laval usiikimbie. Ngome yake ya kale iko juu ya mto, na ndani yake kuna jumba la sanaa ya wachoraji wasiosomea uchoraji, kwa heshima ya Henri Rousseau aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1844. Lakini kabla hujaingia popote, nunua chakula cha mchana. Duka la mikate likifunga saa saba mchana, ndiyo basi mpaka alasiri, na mbele yako kuna mwendo mrefu usio na duka lolote.

Kwa Waislamu: mkate uliotiwa nyama dukani mara nyingi ni jambon, yaani paja la nguruwe, na rillettes, kipenzi cha eneo hili, kwa kawaida ni nguruwe. Omba thon, yaani jodari, au fromage, jibini.

Toka mjini ukifuata mto kuelekea kusini. Baada ya muda utayaona malango ya maji, écluse, yaliyojengwa ili mashua zipande na kushuka ngazi kwa ngazi. Kati ya mji wa Mayenne na Angers yapo zaidi ya 40. Kila lango lina nyumba ndogo ya mlinzi, na baadhi ya nyumba hizo siku hizi ni vibanda vya kahawa au vyumba vya kulala wageni. Hapo njia huinuka au kushuka ghafla kwa mita chache, kwa hiyo shusha gia kabla hujafika. Simama utazame mashua ikipita: mlinzi anazungusha mkono wa chuma, maji yanachemka chini ya mlango, na mashua inateremka taratibu mpaka kichwa cha nahodha kinatoweka nyuma ya ukuta.

Entrammes kuna abasia ya watawa wa Trappist, Port-du-Salut. Hapo ndipo jibini la Port-Salut lilipoanzia, ingawa linalouzwa leo madukani kwa jina hilo linatoka kiwandani.

Adabu ya njia: mpita njia husalimiwa bonjour, hata kama hamjuani na hamtaonana tena. Wavuvi huziweka fito zao ndefu zikiwa zimekatiza njia, kwa hiyo piga kengele mapema, ukiwa mita 30 hivi, uwape nafasi ya kuzivuta. Ukikuta farasi, usipige kengele kabisa. Punguza mwendo, sema neno, pita mbali.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Château-Gontier hadi Le Lion-d'Angers

Maji ya kunywa jaza asubuhi. Yakiisha njiani, tafuta makaburi ya kijiji: mara nyingi pana bomba la kumwagilia maua, nalo huwa na maji ya kawaida ya mji isipokuwa limeandikwa eau non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa. Hii ni mbinu ya kila mwendesha baiskeli Ufaransa, wala hakuna atakayekushangaa.

Daon ndicho kijiji cha mwisho cha mkoa wa Mayenne. Ukishavuka kuingia Maine-et-Loire, njia ya ukingoni hukatika hapa na pale, na vibao vinakupeleka kwenye barabara ndogo za mashambani. Hapo magari yapo, machache, na vilima vifupi vinaanza. Usilazimishe kufuata mto kwenye nyasi, maana baadhi ya kingo ni za watu binafsi.

Chenillé-Changé kuna kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji, na ni mahali pazuri pa kula mchana, mradi ukae mezani kabla ya saa saba. Mgahawa wa kijijini hupokea watu kuanzia saa sita hadi saa nane hivi, na baada ya hapo hata ukibembeleza utaambiwa jiko limefungwa. Jumapili alasiri na Jumatatu nunua vya akiba tangu Jumamosi.

Malazi tafuta yenye nembo ya Accueil Vélo. Maana yake nyumba haiko zaidi ya kilomita tano kutoka kwenye njia, na ina mahali pa kufungia baiskeli usiku. Mwenye hema atapata kambi za manispaa kwa bei nafuu.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, kuingia Angers

Ni mwendo wa nusu siku, kupitia Grez-Neuville. Bonde linapanuka, malisho yanakuwa tambarare, na mito inaungana kuwa Maine, mto mfupi sana unaokwenda kumwaga maji yake kwenye Loire. Ngome ya Angers yenye minara 17 utaiona kutoka ukingoni. Ndani yake kuna zulia la ukutani la Apocalypse, yaani Ufunuo, lililofumwa karne ya 14, ambalo sehemu iliyosalia ina urefu wa mita 100 hivi.

Ukiwa na siku moja zaidi, usiiongeze Angers. Iongeze mwanzoni, Laval: acha mabegi hotelini, panda mto hadi mji wa Mayenne na kurudi, kilomita 70 kwa jumla. Kipande hicho cha kaskazini kina misitu na watu wachache, na kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote. Beba mkate.