Kupima usafi wa kundi la nyuki kwa naitrojeni: kazi ya watu watatu

Kundi safi la nyuki hunusa pupa (mtoto wa nyuki anayegeuka kuwa nyuki kamili) mgonjwa au mfu chini ya kifuniko cha nta, hutoboa kifuniko na kumtoa nje kabla maradhi hayajaenea. Tabia hii hurithiwa. Walter Rothenbuhler aliionyesha huko Marekani miaka ya 1960 alipochunguza ugonjwa wa kuoza kwa majana, yaani watoto wa nyuki. Marla Spivak, aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1993, pamoja na fundi wake Gary Reuter, ndio waliowafundisha wafugaji wengi kuipima manzukini, penye mizinga, kwa naitrojeni ya kimiminika. Kipimo chenyewe ni rahisi: naitrojeni huua kwa ubaridi majana ya sehemu ndogo ya sega, na kesho yake mnahesabu mangapi nyuki wameyatoa. Kinachokiharibu mara nyingi ni mkono wa binadamu, na hasa hesabu.

Gawaneni kazi: mmoja ashughulikie mzinga na fremu, wa pili amwage naitrojeni wala asishike kitu kingine, wa tatu aandike. Kesho yake, anayehesabu asiambiwe fremu imetoka mzinga upi. Mfugaji hupenda mizinga yake, na jicho lake hupenda pamoja naye.

Vifaa ni bomba la chuma chembamba au plastiki ya PVC lenye kipenyo cha inchi 3 na urefu wa inchi 4 hivi, lililonolewa ukingo mmoja, na mililita 300 za naitrojeni kwa kila kipimo. Hapa kwetu naitrojeni hupatikana kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Kwa Tanzania kituo chao cha taifa kiko Usa River, Arusha. Ibebeni katika mtungi wake maalumu. Msiikaze kifuniko kamwe, maana ikigeuka gesi hutanuka karibu mara 700 na chombo hupasuka. Ndani ya gari fungueni madirisha: gesi hiyo haina harufu, nayo hufukuza oksijeni. Kwa kuwa ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, vaeni miwani na glavu pana za ngozi zinazovulika haraka mkononi.

Chagueni fremu yenye majana yaliyozibwa yaliyoshikana vizuri, kisha hakikisheni malkia hayupo juu yake. Pangusa nyuki, laza fremu juu ya boksi tupu, kandamiza bomba huku ukilizungusha hadi ligonge ukuta wa kati wa sega. Lisipofika hapo, naitrojeni huvuja pembeni, huua majana ya nje ya duara, na kesho mpaka hauonekani.

Kabla ya kumwaga, mwandishi ahesabu vijumba visivyozibwa ndani ya duara. Hapa ndipo watu hujidanganya. Chukua duara la vijumba 160, huku 25 vikiwa wazi tangu mwanzo: vilivyozibwa ni 135. Kesho vikibaki 7, vilivyosafishwa ni 128 kati ya 135, yaani asilimia 94.8, kundi limeanguka, maana linatakiwa lizidi asilimia 95. Aliyesahau vile 25 atagawa 153 kwa 160, apate 95.6, na kulipitisha. Nyuki wetu wa Afrika hujenga vijumba vidogo zaidi kuliko wa Ulaya, hivyo duara hilohilo hubeba vingi zaidi. Hesabuni vyenu, msinakili 160 ya kitabuni.

Mwaga kidogo kwanza, subiri kingo zigande, kisha malizia zilizobaki. Ukimwaga zote kwa haraka, hutawanyika kabla hazijafika chini. Acha bomba kama dakika 10 mpaka liachie lenyewe; kuling'oa likiwa limeganda hung'oa na sega. Weka alama juu ya fremu na uirudishe katikati ya majana.

Rudini baada ya saa 24 kamili. Kijumba kilichobaki kimezibwa, na kilichotobolewa huku mabaki ya pupa yakiwemo, vyote vihesabiwe kuwa havijasafishwa. Kundi linahesabiwa kuwa safi likifikisha zaidi ya asilimia 95, mara mbili mfululizo.

Msipime wakati maua yamejaa. Nekta ikimiminika, hata kundi zembe husafisha haraka, nanyi mtawapa sifa wasiostahili. Msipime kundi dhaifu pia, kwa kuwa wasafishaji ni vibarua wa umri wa kati, wa siku kama 15, na wakiwa wachache kazi huchelewa. Malkia akiwa mpya, subirini wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi mnapima mabinti wa aliyeondoka. Na kipimo hiki hakiondoi haja ya kuhesabu utitiri wa Varroa, kimelea cha nyuki, uliogunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009.

Mzinga wa viunzi vya juu una taabu yake: sega halina waya na huvunjika likikandamizwa. Hapo, au naitrojeni ikikosekana, toboeni pupa 100 kwa pini nyembamba, kijumba kimojakimoja, na mrudi baada ya saa 24. Majimaji ya pupa aliyetobolewa hunukia hata kwa nyuki wenye pua nzito, hivyo kipimo cha pini ni chepesi kushinda. Linganisheni makundi yenu yenyewe kwa yenyewe, wala msiweke matokeo yake kwenye jedwali moja na ya naitrojeni.