Namna ya Kuongoza Somo la Jumuiya Kuhusu Kumpokea Yesu na Hukumu

Zamu ya kuongoza somo la jumuiya ikikuangukia na mada ikawa kumpokea Yesu na hukumu ya Mungu, chagua kwanza sehemu moja ya Maandiko ukae nayo, badala ya kuokota mistari kumi kutoka vitabu kumi. Napendekeza Yohana 3:1–21, kwa sababu hapo upendo, imani, kukataa na hukumu vimo katika mazungumzo ya usiku mmoja, na kwa sababu wengi tunaoujua mstari wa 16 kwa moyo hatujawahi kusoma kwa utulivu mpaka wa 21. Mara ya kwanza nilipofundisha mada hii, katika sebule moja huko Mbagala, nilianza na ziwa la moto la Ufunuo 20, tena kwa sauti ya mhubiri wa stendi. Mama mmoja aliyekuwa amemzika mumewe miezi michache kabla, mume ambaye hakuwa mtu wa kanisani, alijifunga kanga yake upya, akaaga kwa upole, na hakurudi tena kwenye jumuiya yetu. Nililolisema limeandikwa, lakini Yesu alipozungumza na Nikodemo hakuanzia hapo.

Sehemu hiyo isomwe kwa sauti, mistari michache kwa kila msomaji, kisha mweleze Nikodemo ni nani: Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu wa Israeli, mtu mwenye jina la kulinda, ambaye alikuja usiku. Usipite haraka kwenye mstari wa 14, ambao wengi huuruka. Yesu anamkumbusha habari ya nyoka wa shaba, kwa hiyo fungueni Hesabu 21 na kuisoma. Wana wa Israeli walikuwa wameshaumwa na nyoka, sumu iko mwilini, watu wanakufa, ndipo Musa akaagizwa kuweka nyoka wa shaba juu ya mti ili kila aliyeumwa amtazame apate kuishi. Ule mti haukuleta sumu. Uliinuliwa katikati ya watu ambao tayari walikuwa wanakufa. Wanajumuiya wakilishika hilo, mstari wa 18 unaosema kwamba asiyeamini "amekwisha kuhukumiwa" hautawafikia kama tishio lililoangushwa kutoka juu, kwa maana wataona kwamba Mwana hakutumwa kuwapa watu hukumu ambayo hawakuwa nayo, bali kuwatoa katika ile waliyokuwa nayo, na mtu anayekataa kumtazama anabaki na sumu ileile aliyokuja nayo.

Baada ya hapo yafafanue maneno mawili. Neno hukumu, kwetu sisi wa Dar es Salaam, humpeleka mtu moja kwa moja mahakamani Kisutu: hakimu, karani, ndugu wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri jina liitwe. Picha hiyo si ya uongo, kwa sababu Maandiko pia yanazungumza juu ya kiti cha hukumu, lakini katika mstari wa 19 Yohana anasema "na hii ndiyo hukumu", na anachokitaja baada ya hapo ni nuru iliyokuja na watu waliopenda giza, wala hataji kifungo. Neno la Kigiriki alilolitumia, krisis, linabeba pia maana ya kutenganisha na kupambanua. Nuru ikifika, watu wanajigawa wenyewe. Mfano wangu ni wa jikoni, na sioni haya kuutumia: umeme umekatika tangu magharibi, unarudi saa nne usiku, taa inawaka, na mende waliokuwa wamejaa juu ya meza wanakimbilia chini ya kabati. Taa haikuwaumba mende wale wala haikuwafukuza kwa fimbo. Angalia tu usije ukawafananisha wasioamini na mende. Mende katika mfano huu ni matendo yetu sote tusiyotaka yaonekane, na mistari ya 20 na 21 inasema hivyo bila kuficha.

Neno la pili ni kupokea, ambalo liko katika Yohana 1:11–12. Hapa lugha yetu inatusaidia sana, kwa sababu kumpokea mgeni si kukubali tu kwamba amefika. Unaitikia hodi yake, unampokea mzigo, unamkaribisha ndani, unampa maji, na mipango yako ya siku hiyo inabadilika. Ndiyo maana wazee wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu anayesema amempokea Yesu lakini amemwacha amesimama barazani, akimsalimia Jumapili hadi Jumapili, hajafanya bado kile ambacho neno hilo linadai. Na kwa kuwa tumetaja hodi, wakumbushe kwamba Ufunuo 3:20, mstari tunaopenda kuwasomea watu wa nje, uliandikwa kwa kanisa la Laodikia, yaani kwa watu waliokwisha kujiita wa ndani.

Hukumu ya siku ya mwisho usiifiche kwa kuogopa kuwaudhi watu. Yohana 5:28–29, Yohana 12:48 na Mathayo 25:31–46 zinaieleza wazi, na makanisa yetu yote yanaikiri, ingawa hayaielezi kwa namna moja. Wakatoliki wanafundisha hukumu ya kila mtu mara anapokufa pamoja na hukumu ya wote siku ya mwisho. Walutheri wanasisitiza kuhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Waadventista Wasabato wanafundisha kwamba waovu wataangamizwa kabisa, hawatateswa milele. Fundisha kama kanisa lako linavyofundisha, bila kuyakejeli mengine, maana katika familia nyingi za mjini hapa watoto wa baba mmoja wanasali makanisa matatu. Soma pia Mathayo 11:20–24, ambapo Yesu anaionya Korazini na Bethsaida, miji iliyoona miujiza yake, kwamba Tiro na Sidoni zitapata nafuu kuliko wao siku ya hukumu. Kadiri mtu alivyoona zaidi, ndivyo anavyodaiwa zaidi, na waliokaa sebuleni na Biblia magotini ndio walioona zaidi.

Maswali magumu yatakuja, na ni vizuri kuyaandalia majibu nyumbani. Atakuwepo atakayeuliza habari za jirani Mwislamu. Nyumba zetu za uswahilini zimebanana, madirisha yako wazi, na jirani huyo anakusikia. Basi jibu kama mtu anayesikika. Waislamu wanamheshimu Isa kama nabii na wanaisubiri Siku ya Kiyama, hivyo tofauti iko katika Yesu ni nani, na hilo unaweza kulisema kwa adabu bila kumhukumu mtu kwa jina. Ikiulizwa habari ya mtu ambaye hakuwahi kusikia Injili, nendeni kwenye Warumi 2:12–16. Na kama jumuiya yenu ni ya Kikatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliligusa jambo hilo mwaka 1964 katika Lumen Gentium, hati yake kuhusu Kanisa, kifungu cha 16. Ikiulizwa habari ya marehemu, sema wazi kwamba hukujaliwa kiti cha hukumu. Mwizi wa msalabani katika Luka 23 alimgeukia Yesu saa zake za mwisho, na kama asingekuwapo wa kutusimulia, majirani zake wangeendelea kusema amekufa katika uovu wake. Jibu hilo ndilo nililopaswa kumpa yule mama wa Mbagala.

Limebaki la kuwaita watu wakate shauri. Ukiwa na ruhusa ya mchungaji au padre wako, waite, lakini usifunge mlango kwa vitisho wala usihesabu mikono. Injili haisemi Nikodemo aliamua nini usiku ule; mazungumzo yanaisha naye hasikiki tena. Katika Yohana 7 anajitokeza kumtetea Yesu mbele ya wenzake, kwa woga bado, na katika Yohana 19 anakuja kwenye maziko akiwa amebeba manemane na uudi yapata ratli mia, wakati mitume wengi walikuwa wamekimbia. Aliye tayari umwongoze katika sala ya toba kwa maneno machache, kisha umkabidhi kwa mwinjilisti au katekista aendelee naye. Aliyekaa kimya msindikize hadi kituo cha daladala bila kumharakisha, kwa maana wapo ambao, kama Nikodemo, huuliza lililowaleta pale tu wenzao wanapokuwa wameondoka.