Leseni ya Kupangisha Nyumba England: Anza na Nyumba, Fomu Ije Baadaye

Kazi yangu ni kuandaa nyumba za kupangisha kwa ajili ya leseni ya halmashauri nchini England, na karibu kila mwenye nyumba anayenijia huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani na fomu inajazwaje. Fomu ni kazi ya jioni moja. Kinachowakwamisha wengi ni nyumba yenyewe, na ndiyo maana ninaanzia kwenye anwani, ninaingia chumbani na futi kamba, kisha ndipo ninapoigusa fomu. Utaratibu huu ni wa England pekee, kwa kuwa Scotland na Wales zina mifumo yao ya kuwasajili wenye nyumba.

Hatua ya 1: Jua leseni inayokuhusu

Sheria ya Nyumba ya 2004 imeweka aina tatu. Ya kwanza ni ya lazima kote England, na inahusu nyumba inayokaliwa na watu 5 au zaidi kutoka kaya 2 au zaidi wanaotumia pamoja jiko, bafu au choo. Zamani nyumba ilipaswa pia kuwa na ngazi 3 za sakafu au zaidi. Sharti hilo liliondolewa tarehe 1 Oktoba 2018, lakini bado nakutana na watu wanaojificha nyuma yake. Ya pili ni leseni ya ziada, ambayo halmashauri inaweza kuitangaza kwa nyumba za kushirikiana zenye watu wachache zaidi. Ya tatu, ambayo ndiyo huwashtua wengi, ni leseni teule: halmashauri hutenga eneo, na karibu kila nyumba ya mtu binafsi inayopangishwa humo huhitaji leseni, hata kama inakaliwa na familia moja tu. Newham, mashariki mwa London, ilianza kuitumia katika eneo lake lote mwezi Januari 2013.

Eneo la leseni teule hudumu kwa muda usiozidi miaka 5, na kabla ya kulitangaza halmashauri hutakiwa kushauriana na wahusika kwa wiki zisizopungua 10. Tangu Desemba 2024 halmashauri hazihitaji tena idhini ya waziri kwa maeneo makubwa, kwa hiyo nyumba ambayo haikuhitaji leseni mwaka juzi inaweza kuihitaji leo. Tafuta kwa anwani kamili kwenye tovuti ya halmashauri, wala usitegemee neno la jirani, kwa maana mpaka unaweza kupita katikati ya barabara.

Hatua ya 2: Amua nani atashika leseni

Mshika leseni awe mtu anayeidhibiti nyumba kweli, na halmashauri itaangalia kama anafaa: je, amewahi kutiwa hatiani kwa udanganyifu, ukatili au dawa za kulevya, au amevunja sheria za upangishaji? Ukiishi nje ya nchi, teua meneja mwenye mamlaka ya kuidhinisha matengenezo na fedha za kuyalipia.

Hatua ya 3: Kagua kila chumba

Cheti cha usalama wa gesi hutolewa upya kila mwaka, na mfumo wa umeme hukaguliwa angalau kila baada ya miaka 5. Pawe na king'ora cha moshi katika kila ngazi ya sakafu inayotumika kwa makazi, na king'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, katika chumba chenye boila ya gesi. Bonyeza kitufe cha kila kimoja kwa kidole chako mwenyewe. Nimewahi kukuta ving'ora vinne vilivyopangwa vizuri darini, na kati yake viwili havikuwa na betri.

Kwa nyumba za kushirikiana zinazohitaji leseni, pima vyumba. Chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5 haihesabiwi kabisa. Chumba kimoja cha darini nilichopima kilikuwa na mita 3.1 kwa 2.4, yaani mita za mraba 7.44, na mwenyewe alikuwa ameshaanza kutabasamu. Upande mmoja paa lilishuka, likala ukanda wa nusu mita kwa urefu wote wa chumba, zikabaki mita za mraba 5.89. Hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kulala humo, na tabasamu liliishia hapo.

Unyevunyevu na ukungu vishughulikiwe kuanzia chanzo chake. Rangi mpya juu ya ukungu haimdanganyi mkaguzi aliyezoea kazi.

Hatua ya 4: Wasilisha ombi lililokamilika

Kwa kawaida ada hulipwa kwa awamu mbili, ya kwanza pamoja na ombi. Ombi lililowasilishwa ipasavyo hukupa utetezi dhidi ya shtaka la kupangisha bila leseni wakati unasubiri uamuzi. Fomu iliyoachwa nusu haikusaidii kitu. Tunza risiti yenye tarehe.

Hatua ya 5: Soma rasimu ya leseni

Halmashauri hukutumia rasimu na kukupa siku zisizopungua 14 za kutoa maoni. Wengi hawaifungui, ingawa humo ndimo yanapoandikwa idadi ya watu wanaoruhusiwa na masharti utakayobanwa nayo kwa miaka hadi 5. Leseni ikishatolewa, una siku 28 za kukata rufaa.

Hatua ya 6: Ishi na masharti

Kupewa leseni hakumaanishi kwamba nyumba imekaguliwa. Mkaguzi anaweza kuja mwaka mmoja baadaye, na kwa maoni yangu halmashauri inayokusanya ada bila kutuma wakaguzi haijamsaidia mpangaji yeyote. Kuvunja masharti, sawa na kupangisha bila leseni, kunaweza kuleta adhabu ya maelfu ya pauni, na asiye na leseni anaweza pia kuamriwa kumrudishia mpangaji kodi aliyolipa. Ingiza tarehe za gesi, umeme na mwisho wa leseni kwenye kalenda moja. Ukiuza nyumba, mwambie mnunuzi aombe leseni yake mapema, kwa sababu yako haihamishiki kwa mtu mwingine.