Kumsafirisha Mtoto Mchanga kwa Meli na Boti Ziwa Tanganyika: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Familia nyingi za Kigoma na Ujiji, na hata zile zinazoteremka na treni kutoka Tabora, hupenda kutumia likizo ya Juni au Desemba ziwani. Wapo wanaopanda meli kuelekea kusini hadi Kasanga na Mpulungu, wapo wanaochukua boti Kibirizi kwenda kuwasalimu wazee Mtanga, Mwamgongo au Kagunga, na wapo wanaokodi boti kwa matembezi ya siku moja tu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na kazi ya huduma ya mkoba hunipeleka mara kwa mara katika vijiji vya mwambao, hivyo yafuatayo nayaandika kama mtu anayekaa katika vyombo hivyo pamoja na akina mama wenye watoto mapajani.

Kama utasoma jambo moja tu katika mwongozo huu, basi liwe hili: ndani ya chombo cha majini mtoto hafungwi mgongoni. Sababu zake nimezieleza katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Amua kama mtoto ni wa kusafiri

Kampuni nyingi za meli za utalii za baharini hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari zenye siku kadhaa mfululizo bila kugusa bandari hutaka awe ametimiza miezi 12. Kinachozingatiwa hapo ni umbali wa hospitali, kwa kuwa mtoto mchanga akianza kuugua hali yake hubadilika ndani ya saa chache. Huku kwetu hakuna anayekuuliza umri wa mtoto unapokata tiketi, lakini safari ya meli kutoka Kigoma hadi Mpulungu huchukua siku mbili au zaidi, na vituo vingi vya njiani ni vijiji vyenye zahanati tu. Ushauri wangu ni kwamba safari ya mapumziko isubiri hadi mtoto afikishe miezi 6. Mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye tatizo la moyo au aliyetoka kuugua nimonia aonwe kwanza na daktari.

Fika kliniki mapema, si siku moja kabla ya kuondoka. Hakikisha chanjo zinazolingana na umri wake zimekamilika, hasa ya rota, ya nimonia na ya surua-rubela inayotolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Anayevuka mpaka kwenda Zambia, Burundi au Kongo aulizie pia chanjo ya homa ya manjano, ambayo hutolewa kuanzia miezi 9, pamoja na hati ya kusafiria ya mtoto mwenyewe. Kadi ya kliniki safiri nayo.

Hatua ya 2: Chagua siku na chombo

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa, wakati miezi ya mvua huleta dhoruba za radi zinazozuka ghafla. Kwa maneno mengine, likizo zote mbili tunazozipenda zina hatari zake. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutaja pia maziwa makuu, kisha waulize wavuvi wa Kibirizi asubuhi ya safari. Nahodha akisema anasubiri upepo utulie, usimsukume aondoke kwa sababu tu wageni wanakungoja kijijini.

Kwa boti za mbao, chunguza mambo matatu kabla ya kulipa nauli: majaketi okozi yanaonekana na yanatosha abiria wote, ubavu wa boti uko juu ya maji kwa kiasi cha kutosha baada ya mizigo kupakiwa, na turubai la kivuli halijafungwa pande zote kiasi cha kuwanasa watu ndani boti ikipinduka. Ukiona magunia ya dagaa na kreti za soda zimefika kwenye viti vya abiria, shuka. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018 kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na mtoto ndiye wa kwanza kukosa nafasi pale watu wazima wanapogombea.

Kama lengo lenu ni Hifadhi ya Gombe, fahamu mapema kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kuwatazama sokwe msituni, kwa kuwa mafua na maradhi mengine ya kifua ya binadamu huwaambukiza wanyama hao. Mzazi mmoja atalazimika kubaki na mtoto kambini, na ni vyema mkakubaliana nani atabaki kabla hamjalipia.

Hatua ya 3: Jaketi la mtoto, na mbeleko

Majaketi yanayotolewa na wenye boti karibu yote ni ya watu wazima, na mtoto akivalishwa jaketi la mtu mzima huchomoka kwa chini mara anapogusa maji. Nunua la kwake. Jaketi la mtoto mchanga huwa na kola nene inayoshikilia kichwa kutoka nyuma, mkanda unaopita kati ya mapaja ili lisipande juu, na mpini begani wa kumnyanyulia. Tazama uzito ulioandikwa ndani yake, wala usinunue kubwa kwa nia kwamba atalikulia. Wataalamu wa usalama wa boti huko Marekani hushauri mtoto asipandishwe katika boti ndogo za matembezi hadi afikishe kilo 8 hivi, kwa sababu chini ya hapo ni vigumu kupata jaketi linalomkaa sawasawa.

Lijaribu nyumbani. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha shika jaketi mabegani na ulivute juu taratibu. Ikiwa kidevu na masikio yake yanazama ndani ya shingo ya jaketi, hilo halimfai. Atalia, na hilo ni la kawaida. Mvalishe kila siku kwa dakika chache akiwa anacheza hadi alizoee. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni ya kuchezea, na dumu tupu ambalo baadhi ya watu huingia nalo botini humsaidia mtu mwenye nguvu ya kulikumbatia, nguvu ambayo mtoto hana.

Sasa kuhusu mbeleko. Jaketi okozi limeundwa ili mvaaji aelee chali, uso ukiwa juu. Mama aliyembeba mtoto mgongoni akitumbukia, jaketi lake humlaza chali, na mtoto huwa chini yake, ndani ya maji, huku mama mwenyewe akipumua vizuri bila kujua kinachoendelea nyuma yake. Asiyevaa jaketi naye hayuko salama zaidi, kwa sababu fundo la khanga lililolowa hukaza, na vidole vya mtu aliyeshikwa na hofu havilifungui. Najua ni vigumu kuacha, maana mgongoni ndipo mtoto anapolala na mikono ya mama inabaki huru kwa mizigo. Hata hivyo, ukifika gatini fungua khanga, mvalishe mtoto jaketi, mpakate mbele yako akiwa hajafungwa kwa chochote, na mizigo abebe mtu mwingine. Usimfunge kwenye kiti wala kwenye mwili wa boti. Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina, kwa sababu mtoto wa kuangaliwa na wote mara nyingi haangaliwi na yeyote.

Hatua ya 4: Andaa mkoba

Weka katika mfuko usiopitisha maji: pakiti za ORS (chumvichumvi ya kuchanganywa na maji kwa anayeharisha), vidonge vya zinki, parasetamoli ya maji na kipimo chake, kipima joto, chandarua chenye dawa, nguo mbili kavu na blanketi, kofia, sabuni, na pampasi au nepi za kutosha siku mbili zaidi ya ratiba, kwa kuwa meli huchelewa. Pampasi zilizotumika funga katika mfuko na ushuke nazo. Zisitupwe ziwani, kwani mita chache kutoka hapo kuna mtu anachota maji ya kunywa.

Hatua ya 5: Kupanda na kushuka

Hapa ndipo ajali nyingi hukaribia kutokea. Vijiji kadhaa vya kusini havina gati, hivyo meli hutia nanga mbali kidogo na mitumbwi ya injini huja kugombania ubavu wake, mara nyingine usiku, wapagazi wakipaza sauti na magunia yakipita juu ya vichwa. Usiingie katika msukumo huo wa mwanzo. Mwambie mhudumu wa meli mapema kwamba una mtoto, na usubiri mawimbi ya watu yapungue.

Mpangilio ni huu: mtu mzima wa kwanza avuke mikono mitupu, asimame imara au aketi, wa pili amkabidhi mtoto aliyevaa jaketi wakati vyombo viwili vimekaribiana na viko usawa mmoja, wa kwanza aseme kwa sauti kwamba amemshika, ndipo wa pili aachie. Mizigo hufuata mwisho. Usikubali mtoto arushwe hata kidogo, na usimkabidhi kwa kijana usiyemfahamu kwa sababu tu amenyoosha mikono. Kama unasafiri peke yako na mtoto, muombe baharia mwenye sare awe ndiye mtu wa pili.

Hatua ya 6: Ndani ya chombo

Katika boti ndogo, keti katikati na chini, mbali na injini na madumu ya petroli. Maji yanayojikusanya sakafuni mara nyingi huwa yamechanganyika na petroli, na mchanganyiko huo huunguza ngozi, kwa hiyo mtoto asiketishwe humo hata kama ni maji ya kina cha kidole.

Katika meli kubwa, hatari huhamia kwenye kingo na ngazi. Liemba, kwa mfano, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kushushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915; waliochora vyuma vya sitaha yake hawakuwa wakimfikiria mtoto anayetambaa, ambaye hupita kirahisi mahali mtu mzima anapoegemea kiwiko. Sitahani mtoto anayetembea ashikwe mkono muda wote. Ukipata chumba chenye vitanda vya dabodeka, mtoto alale kitanda cha chini upande wa ukutani au kwenye godoro sakafuni, chali, chini ya chandarua, bila mito. Chunguza kama dirisha linafungika.

Jua la ziwani hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini kabisa. Aliyezidi hapo avae nguo nyepesi za mikono mirefu.

Kuhusu kichefuchefu, watoto wa chini ya miaka 2 hawasumbuliwi sana. Kuanzia hapo huongezeka. Mpe chakula kidogo kidogo, mkalishe penye hewa, mwonyeshe milima ya mbali badala ya simu. Usimpe prometazini, dawa ya kichefuchefu inayoleta usingizi, mtoto wa chini ya miaka 2, hata kama muuza duka la dawa anakuhakikishia kwamba itamlaza tu, kwa sababu inaweza kudumaza upumuaji wake.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji hata kukiwa na joto. Mama ndiye anywe zaidi. Kwa aliyeanza kula, beba maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai, na umlishe kwa kikombe na kijiko vinavyosafishika kwa urahisi kuliko chuchu ya chupa. Maji ya ziwa huonekana maangavu, lakini mwambao huu umepata kipindupindu mara nyingi, ukiwemo mlipuko wa Kagunga wa Mei 2015. Uji upikwe na kuliwa ukiwa moto. Samaki aina ya mgebuka ni chakula kizuri, ila toa miiba kwa vidole vyako mwenyewe, na karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5.

Hatua ya 8: Akiugua au akitumbukia

Akiharisha, changanya pakiti moja ya ORS katika lita 1 ya maji safi. Wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, na aliyezidi hapo 100 hadi 200, huku ukiendelea kumnyonyesha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudia polepole zaidi. Zinki ni miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mwone nahodha mara moja na ushuke penye kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri kufika Kigoma.

Mtoto aliyetolewa majini naye hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Dakika hizo ndizo anazohitaji hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako na umpulizie pumzi 5 hadi kifua kiinuke. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa vidole viwili kama ni mchanga, kwa kina cha theluthi ya kifua, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo hadi apumue au msaada ufike. Akipumua, mvue nguo zilizolowa, mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi na kumfunika. Hata akionekana mzima, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Ufukweni, na baada ya kurudi

Usimwogeshe mtoto kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwani ndipo walipo konokono wa kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba. Mwogeshe kwenye beseni kwa maji yaliyochemshwa. Mkisharudi nyumbani, homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe malaria siku ile ile inapoanza, na umweleze mhudumu wa kliniki mlikolala na kama chandarua kilitumika kila usiku.