Somo: Wilaya ya zimamoto inapoomba kura ya kupandisha kodi ya nyumba, jimbo la Washington

Wilaya ya zimamoto ni chombo cha eneo kinachotoza kodi ya nyumba ili kulipia huduma ya kuzima moto. Wengi wetu wa maeneo ya Kent na Tacoma tukipata karatasi ya kura tunatafuta gavana na rais, ile ya zimamoto tunairuka. Hela ya mfukoni mwako iko hapo.

1. Jua kikomo. Bila kura ya wananchi, wilaya haiwezi kuongeza jumla ya kodi inayokusanya kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, ukiacha inayotokana na majengo mapya. Wananchi walipitisha hilo 2001, Mahakama ya Juu ya jimbo ikalifuta 2007, Bunge likalirudisha mwaka huohuo. Wilaya inayokusanya dola milioni 2 inaruhusiwa nyongeza ya dola 20,000 tu. Mafuta ya magari na mishahara havisubiri hiyo asilimia 1.

2. Makamishna wanaoongoza wilaya wanapitisha azimio la kuomba kura mkutanoni. Mkutano uko wazi, ingawa viti huwa vitupu.

3. Azimio linapelekwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ombi la kuvuka kikomo mwaka mmoja tu laweza kupigiwa kura Februari, Aprili, Agosti au Novemba. La miaka mingi, mwisho 6, ni Agosti au Novemba tu.

4. Soma maneno ya kura polepole. Tafuta kiwango cha kodi kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Kwa nyumba ya dola 500,000, kiwango kikitoka dola 1.00 hadi 1.50, unatoka dola 500 hadi 750 kwa mwaka. Kisha angalia kama nyongeza ni ya kudumu. Isiposemwa ni ya kudumu, muda ukiisha kikomo kinahesabiwa kana kwamba nyongeza hiyo haikuwahi kuwepo. Mimi hapa ndipo ninapoamua.

5. Piga kura. Bahasha haihitaji stempu. Ukitumia sanduku la kaunti, mwisho ni saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Ikizidi nusu, imepita.

Maswali ya wanachama

*Nyumba yangu imepanda thamani sana. Si wanapata zaidi bila kura?*
Hapana, dada. Kikomo kinashika jumla ya wilaya nzima. Thamani zikipanda kote, kiwango kinashuka. Yako ikipanda kuliko za majirani, hapo utaumia.

*Mimi ni mpangaji tu, naruhusiwa kupiga kura?*
Ndiyo, ukiwa raia uliyejiandikisha ndani ya wilaya. Mwenye nyumba akiwa na green card tu, analipa kodi lakini kura hana. Asijaribu, anaweza kufukuzwa nchini.

*Mkuu wa zimamoto alikuja kanisani kutuelezea. Ni halali?*
Kutoa takwimu, sawa. Kutumia muda wa kazi au gari la wilaya kusema "pigeni ndiyo", sheria inakataza.

*Mama ana miaka 70, kipato kidogo.*
Kaka, mpeleke ofisi ya mthamini wa kaunti. Kuanzia miaka 61 kuna msamaha wa kodi kwa wenye kipato cha chini wanaoishi kwenye nyumba zao, ila lazima aombe mwenyewe.