Kufungua betri ya gari: anza na hasi
Zima injini na taa, vua pete na saa ya chuma, kisha ufungue waya wa hasi (–) kwanza. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya halafu spana iguse chuma chochote cha bodi, hiyo ni shoti: cheche, na spana inaweza kukuunguza mkono. Hasi ikishatoka, sogeza waya wake mbali usijirudie wenyewe. Sigara usiilete karibu kabisa, betri hutoa gesi ya haidrojeni. Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza. Rangi za waya nazo usiziamini sana, mafundi hubadilisha. Soma alama kwenye betri yenyewe.